Vidonge vya steroli za mimea si mbadala wa dawa ya kolesteroli

Wakazi wanaotumia dawa za kupunguza kolesteroli wanashauriwa wasiziache kwa sababu wamenunua vidonge vya steroli za mimea. Vidonge hivyo vinafanya kazi, ila kazi yake ina mpaka.

Steroli ni aina ya mafuta yaliyomo kwenye mimea, na umbo lake hukaribiana na la kolesteroli. Zikifika kwenye utumbo pamoja na chakula, huwania nafasi ya kufyonzwa, na sehemu ya kolesteroli hutoka na choo. Gramu 2 hivi kwa siku, zikitumiwa pamoja na mlo, hupunguza kolesteroli mbaya, yaani LDL, kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Dawa za statini huipunguza kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea dozi, na imethibitishwa kwamba hupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi. Steroli hazijathibitishwa hivyo.

Njugu, simsim na mahindi yana steroli, lakini mlo wa kawaida hutoa miligramu 200 hadi 400 tu kwa siku. Hata hivyo, sahani ya maharagwe au ndengu ina faida nyingine: nyuzinyuzi zake hunasa nyongo kwenye utumbo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya.

Kabla ya kununua vidonge, ni heri kuangalia mafuta ya kupikia. Mkebe ulioandikwa kwamba mafuta hayana kolesteroli hausemi uongo, kwa kuwa mafuta yoyote ya mimea hayana. Usichosema ni kwamba mafuta yanayoganda, sawa na samli na tui zito la nazi, hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL kwenye damu. Mafuta ya alizeti, kwa kiasi kidogo, ni afadhali.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hawashauriwi kutumia vidonge hivi. Wapo pia watu wachache wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ufyonze steroli kupita kiasi. Hao wasivitumie kabisa.

Kolesteroli nyingi haiumi wala haina dalili, hivyo kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu. Anayetumia vidonge abebe kopo lake siku ya kliniki, amwonyeshe daktari.