Klopromazini: Ufunguo Usiofungua

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili klopromazini, dawa ambayo mpasuaji Henri Laborit alikuwa amekwisha kuitumia kuwatuliza watu kabla ya kupasuliwa. Wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti zisizokuwapo walitulia pasipo kupotewa na fahamu.

Je, dawa hii hufanyaje kazi? Seli za neva hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo, dopamini, huingia katika vipokezi vya seli ya pili kama ufunguo katika kufuli. Klopromazini hukaa ndani ya kufuli hilo bila kulifungua. Maelezo haya yalianzia kwenye majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1963 na Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden.

Lakini dopamini hiyo hiyo huongoza mwendo wa viungo. Vipokezi vikizibwa kupita takriban asilimia 80, mikono hutetemeka na mwili hukakamaa, mithili ya ugonjwa wa Parkinson. (Mgonjwa huyo hakurogwa, wala wazimu wake haukuzidi; ni dozi.) Wengi huiacha dawa kwa sababu hiyo, na kwa kuwa dawa huzuia tu wala haiponyi, skizofrenia hurudi, mara nyingi katika miezi michache. Daktari aweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Basi mwanafunzi aonekanaye kukakamaa hivyo na apelekwe kliniki mapema, kabla hajazitupa tembe zake.