SOMO: KUZUNGUMZA NA ANAYETUDAI



Somo letu twalichukua katika Nehemia, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 13. Yafaa kila mmoja aisome kwanza nyumbani, tena kwa sauti. Watu walikuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu huku njaa imewashika. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa ndugu zao. Nehemia akawaita wadai mbele ya mkutano, akataka mashamba yarudishwe pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Nao wakakubali. Wafafanuzi wengi huihesabu sehemu hiyo kuwa asilimia 1 kwa mwezi.

Asilimia moja tu! Mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu" yaweza kutoza asilimia 30 kwa mwezi, na marejesho hudaiwa kila wiki, pengine kila siku. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, afanyaye biashara ya kukopesha sharti awe na leseni. Na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Mkulima wa Mgeta hukopa fedha za mbegu na mbolea. Kabichi zitakuwa tayari baada ya miezi kama mitatu, lakini rejesho la kwanza ladaiwa wiki ijayo. Atalilipa kwa nini? Kwa mkopo mwingine. Naye mtumishi ambaye makato yamekwisha kumfikisha kwenye ile theluthi ya mshahara isiyoguswa, hakopesheki tena benki. Basi humwendea mkopeshaji wa mtaani na kumwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi anayesimama mbele ya mashine ya fedha si mwenye mshahara.

Deni likifika hapo wengi huzima simu. Hilo ni baya kuliko yote, maana mdai huona umekimbia, akamgeukia mdhamini wako. Mwendee kabla hajaja. Yeye naye ana hesabu zake: godoro na redio vikipigwa mnada haviletei kitu, na anajua. Mdaiwa aliyekuja kwa miguu yake na karatasi mkononi ana thamani kwake.

Karatasi hiyo iandikweje? Sisi tuliofundisha hesabu twajua kwamba watu huiogopa hesabu ya deni kuliko deni lenyewe. Tuchukue mfano. Mtu amekopa shilingi 300,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi. Riba ya mwezi ni 90,000. Amelipa riba peke yake miezi minne, jumla 360,000, na bado aambiwa anadaiwa 300,000 zote. Kwa asilimia 3.5 riba ya mwezi ingekuwa 10,500, ya miezi minne 42,000. Mkopo na riba ni 342,000. Amekwisha kulipa 18,000 zaidi! Hii si hukumu ya mahakama. Ni hoja ya kuweka mezani, tena kwa upole, maana wakopeshaji wengine twakaa nao benchi moja kanisani.

Omba kwanza faini zifutwe, kwa kuwa hizo hazikutoka mfukoni mwake. Kisha omba riba isimame. Mwisho omba kilichobaki kigawanywe kulingana na kipato chako: mkulima baada ya mavuno, mstaafu siku ya pensheni. Usiahidi 50,000 ukijua una 20,000. Ahadi ya pili ikivunjika, hatakusikiliza ya tatu. Mapatano yaandikwe upya, shahidi awepo, na kila malipo yawe na risiti. Mwenye leseni akikataa kukusikia, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni ya bure. Kadi ikirudi mikononi mwako, badilisha namba ya siri siku hiyo hiyo.

Kazi ya vikundi: Mama mmoja amekopa 200,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, akalipa riba tu kwa miezi mitano. Amelipa kiasi gani? Kwa ukomo wa Benki Kuu riba hiyo ingekuwa kiasi gani? Andikeni barua fupi ambayo angempelekea mdai wake, mje nayo tutakapokutana.