Baridi ya Julai na Vumbi la Nyumbani

Mulot haina majira ya baridi kama yale ya Ulaya, kwa kuwa i karibu na ikweta. Lakini kila mwenyeji ajua ya kuwa Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kufunga madirisha mapema. Asubuhi ukungu hutanda bondeni mwa mto Amala, na jioni jamaa wote huuzunguka moto. Ndipo watoto waanzapo kupiga chafya na kukohoa, na wakubwa husema ni mafua tu. Mara nyingi wasema kweli. Lakini si kila mara, na kosa hilo laweza kuhatarisha maisha ya mtoto.

Mafua ya kawaida hupungua baada ya siku saba hadi kumi. Yule ambaye pua yake hutoa maji mepesi kwa majuma mengi, bila homa, macho na pua vikimwasha, naye huzidiwa usiku na alfajiri, huenda ana mzio: yaani mwili wake hukikataa kitu kisichowadhuru wenziwe. Kifua kikilia kama filimbi, hiyo yaweza kuwa pumu.

Kitu hicho aghalabu hukaa kitandani. Mwaka 1964 wataalamu wa Leiden, nchi ya Uholanzi, wakiwamo Voorhorst na Spieksma, walionyesha kuwa ubaya wa vumbi la nyumba watokana hasa na vijidudu, jamaa ya kupe na utitiri, vyenye urefu wa karibu theluthi moja ya milimita. Havimwumi mtu, hula magamba ya ngozi yatuangukayo, na kinachotudhuru ni hasa choo chao. Havinywi maji, bali hufyonza unyevu wa hewa. Kwa hiyo nyumba iliyofungwa, yenye pumzi za watu saba na nguo mbichi juu ya kamba, ni neema kwao. Kuvu nayo hustawi humo, ukutani na katika mahindi yaliyoingizwa ndani kabla ya kukauka.

Hapo ndipo mzazi mwema hukosea. Mtoto akikohoa, humfunika blanketi lililokaa sandukuni mwaka mzima, huziba dirisha kwa gunia, kisha humlaza karibu na meko. Kila alifanyalo kwa upendo lamzidishia maradhi. Moshi wenyewe si mzio, lakini huchokoza mapafu yaliyokwisha kuvimba. Jiko la makaa liingizwalo chumbani usiku ni baya zaidi, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuwaua watu usingizini.

Basi yafaa kuanza na kitanda. Jua likishapasua ukungu, toa blanketi, mito na godoro, uvianike, uvikung'ute mbali na mlango. Mashuka yafuliwe kila juma kwa maji ya moto sana, yasiyovumilika mkononi. Maji ya mtoni hupunguza uchafu lakini hayaviui vijidudu vyote. Fungua madirisha tangu saa nne hata saa tisa, ijapokuwa bibi atanung'unika. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, na mgonjwa asiwe mfagiaji. Ndama, mbuzi na paka wapewe malazi yao nje ya chumba cha kulala, kwa kuwa magamba ya ngozi zao pia huleta mzio. Mwenye uwezo na ajenge jiko lenye dohani. Asiye nao apikie katika jiko la nje, na kuni ziwe kavu.

Vidonge vya kutuliza mzio hupatikana katika maduka ya dawa, ila vingine huleta usingizi, jambo la hatari kwa mwendesha pikipiki. Dawa za kuua bakteria hazifai kitu hapa. Mwenye pumu atumie dawa ya kuvuta kama alivyoagizwa na mganga, wala asiiache kwa sababu juma hili amepata nafuu.

Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye mbavu zake huingia ndani avutapo hewa, au midomo yake imegeuka rangi, asingojeshwe mapambazuko. Apewe dawa yake ya kuvuta ikiwa anayo, akalishwe wima, apelekwe upesi hospitali ya Longisa au nyingine iliyo karibu, usiku huohuo.