Kinini za Uzazi si Chakula cha Nguruwe

Labda umesikia watu wakisema: "Mupe nguruwe kinini za kupanga uzazi, atakula sana na kunenepa mbio." Hapa Mulekera nguruwe ni akiba ya nyumba; akiuzwa, minerval ya watoto inapatikana. Basi tusikilize vizuri mbele ya kupoteza feza.

Kinini nyingi za uzazi zina dawa ya namna ya estrojeni. Estrojeni ni kama mjumbe: inatoka katika viota vya mayai vya jike, inapita katika damu, inapeleka habari mpaka kwenye ubongo. Je, inaleta njaa? Waganga walijaribu na panya. Panya jike akiondolewa viota vya mayai, anakula zaidi na kunenepa. Akirudishiwa estrojeni, anakula kidogo na uzito unashuka. Hata panya muzima, usiku ule anapotaka dume, chakula chake kinapunguka. Unaona? Ni kinyume cha maneno ya sokoni.

Lakini ngombe si panya. Huko Marekani, tangu 1954, wafugaji walichanganya dawa ya stilbestroli katika chakula cha ngombe, nao wakaongeza nyama mbio. Kuku waliwekewa kidonge chini ya ngozi ya shingo, wakapata mafuta. Kumbe dawa ilibaki pale shingoni! Wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya walilishwa vichwa na shingo za kuku hao, wakakosa kuzaa. Kwa kuku ilikomeshwa 1959. Mwaka 1971 waganga wa Boston walionyesha kansa ya uke kwa wasichana ambao mama zao walipewa dawa hiyo hiyo wakati wa mimba. Kwa ngombe ilikatazwa 1979.

Wewe mama unayemeza kinini zako, usiogope: stilbestroli si dawa ile unayopewa. Lakini zimepimwa kwa mwili wako, si kwa nguruwe, na nyama yake italiwa na watoto.

Angalia tena mahindi yenye ukungu. Ukungu mwingine unatoa sumu inayofanya kazi kama estrojeni: nguruwe jike mudogo anavimba sehemu ya uzazi kama anayetaka dume, na bado wakati wake, mukubwa anaweza kukosa mimba. Mahindi ya namna ile usimpe. Na nguruwe akikonda, fikiri kwanza minyoo, halafu uite veterineri.