Hisa za Kampuni ya Simu: Ukuaji wa Mtandao na Faida ya Mwanahisa

Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, kampuni za simu zilitakiwa kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom Tanzania ilitangulia. Mwezi Machi 2017 ilitoa hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ikikusudia kukusanya shilingi bilioni 476. Wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Matumaini yao yalieleweka: minara inaongezeka, na hata dagaa wa mwalo wa Kibirizi na mawese ya Ujiji hulipiwa kwa simu. Kampuni ya namna hiyo itaachaje kupanda thamani?

Mwenye mtumbwi anaweza kujibu. Mtumbwi hurudi umejaa dagaa, naye akabaki na kidogo baada ya kulipia mafuta, nyavu na mgawo wa wavuvi. Tena ziko siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na mitumbwi hulala mwaloni. Kampuni ya simu nayo hulipia minara, masafa, leseni na kodi kabla ya mwanahisa kufikiriwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Vodacom Tanzania ilipata hasara ingawa ilikuwa na mamilioni ya wateja. Mwaka huo bei ya hisa ilikuwa shilingi 770. Aliyelipa shilingi 850,000 kwa hisa 1,000 angepata 770,000, kabla ya ada ya dalali, na hiyo ni iwapo angempata mnunuzi. Kwa maoni yetu, suala la mnunuzi ndilo la kuulizwa kwanza, kwa kuwa katika soko letu hisa zinaweza kukaa muda mrefu bila kuuzika. Kwa hiyo fedha za ada ya shule ya Januari, au za mashine ya mtumbwi, zisiingizwe humo.

Katika waraka wa matarajio, tunamshauri msomaji aanze na kurasa za madeni na vihatarishi. Picha za mwanzoni zinaweza kusubiri. Anunue kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayepita mwaloni akiuza “hisa za simu” na kutaka fedha zitumwe kwenye namba yake binafsi asipewe hata shilingi, na taarifa zake zifikishwe polisi.