Khabari za Usuli Jadid

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu. Ama baada ya hayo:

Jua, ndugu yangu, ya kwamba makusudio ni kitu kimoja na njia ya kuyafikilia ni kitu kingine. Makusudio ya chuo ni mtoto aisome Kurani na aijue dini yake, hayo hayabadiliki. Namna ya kumsomesha ni njia, na njia yafaa kupimwa. Mfano wake ni khabari ya Waislamu waliokuwa chini ya dola ya Urusi.

Katika vyuo vyao vya zamani mtoto alishikishwa kwanza majina ya herufi, kisha akahifadhi kwa kuifuata sauti ya mwalimu. Wengi walikaa miaka, na wakipewa ukurasa wasiouzoea hawauwezi.

Ismail Gasprinski, aliyezaliwa Crimea mwaka 1851, alilionea uchungu jambo hili. Mwaka 1884 alifungua chuo katika mji wa Bakhchisaray. Humo mtoto alifundishwa sauti ya herufi badala ya jina lake, na kuandika pamoja na kusoma. Na hesabu ikasomeshwa pamoja na dini. Akadai kuwa siku 40 zatosha mtoto kujua kusoma. Njia hiyo ikaitwa usuli jadid, ikaenea hata Tashkent na Samarkand.

Suali: Je, si bidaa hii? Wako waliosema hivyo, hata kwa sababu ya watoto kukalishwa juu ya viti.

Jawabu: Imamu wetu Shafii ameigawa bidaa sehemu mbili, ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Kiti na ubao si ibada hata vikaharibu ibada.

Walioishika njia hii walipata mitihani mikubwa. Mahmud Khoja Behbudi wa Samarkand, naye ni mufti, aliuawa mwaka 1919 na watu wa Amiri wa Bukhara. Munawwar Qari, aliyefungua skuli Tashkent mwaka 1901, aliuawa mwaka 1931 na serikali ya Kisovieti. Mmoja aliuawa na waliodai kuihami dini, na wa pili na walioipiga vita.

Basi, ewe mwalimu mwenzangu, mfungulie mwanafunzi wako ukurasa asiopata kuuona. Akiusoma, njia yako ni njema, iwe ya kale au mpya. Akishindwa, usimwite mzito wala usiushike ufito kabla hujaipima njia yako. Nami najiusia nafsi yangu kwanza, kwani nimewachapa watoto kwa kosa lililokuwa langu.

Wallahu aalamu.