Niliyojifunza Nikithamini Piano za Msaada

Ukiushika ufundi wa piano hapa Mombasa, kuna siku utaombwa barua ya thamani. Mtu anahama, piano yake analiachia kanisa au shule, na anataka karatasi ya kuwaonyesha watu wa kodi. Barua zangu za mwanzo zilikuwa mbaya, na walioumia si mimi.

1. Fungua chini kwanza

Likoni, piano ya wima ya Kiingereza, kabati linang'aa. Nilipiga nota chache, nikaandika kiwango kikubwa. Niliporudi kuitia sauti, ndipo nikang'oa ubao wa chini. Nyaya za besi zilikuwa zimevaa kutu nyekundu, na njia ya mchwa, udongo mbichi kabisa, imepanda hadi kwenye ubao unaoshika pini. Nilikaza pini moja. Nilipoachia ufunguo, ikarudi yenyewe polepole, na sauti ikashuka nayo. Piano ina nyaya zipatazo 230, na mvuto wake kwa jumla ni tani kadhaa. Ubao ukioza, pini hazishiki tena. Kanisa lilikuwa limeshalipa mkokoteni, feri na vijana wanane wa kubeba. Mzee wa kanisa aliniuliza, "Sasa fundi, barua yako ndiyo tutakayoipiga Jumapili?" Nilinyamaza. Tangu hapo siandiki tarakimu kabla ya tochi kuingia ndani.

2. Risiti si thamani

Mwenye piano alinipa risiti ya dukani, nami nikainakili. Thamani ni kile ambacho mnunuzi asiyelazimishwa angetoa leo, piano ikiwa kama ilivyo, baada ya miaka ya chumvi na unyevu wa pwani.

3. Uliza ni kodi ya nchi gani

Hili lilinishangaza kuliko yote. Mmarekani aliipa shule ya Changamwe piano yake, nikamwandikia barua nzuri, na ujira wangu nikautoza kwa asilimia ya thamani niliyoipanga mwenyewe. Kumbe kwao msaada unaopewa shirika la nje moja kwa moja kwa kawaida haupunguzi kodi. Kumbe tena, ukizidi dola 5,000 wanataka mthamini aliyehitimu, na ujira wa asilimia hawaukubali. Wana haki: nilikuwa na faida katika kila shilingi niliyoongeza. Hapa kwetu nako, kanuni za michango ya hisani za 2007 zilihusu fedha taslimu, si vyombo. Siku hizi natoza ujira mmoja, piano iwe nzima au mbovu.

4. Mwandikie na anayepokea

Sasa naandika karatasi mbili. Ya pili ni ya mpokeaji: nyaya za kubadilishwa, feliti iliyoliwa na nondo, gharama ya kubeba, na kutia sauti angalau mara mbili kwa mwaka. Mwalimu mmoja wa kwaya Kisauni aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akajumlisha kwa kalamu pembeni, kisha akasema, "Ahsante, mzee wangu. Mwambie hatuichukui."